Nyumba Nimepanga, Mti Nimepanda

Kokwa saba za mwaloni alinipa Bi Arlene Kratochvil
juu ya ua wa mbao, mwezi wa tisa,
zimevaa kofia za manyoya mpaka machoni
kama watoto wa huku siku ya theluji ya kwanza.
"Zitie majini," akasema. "Inayoelea, tupa."
Tatu zikaelea. Nne zikazama,
na mimi niliyefika hapa kwa kuvuka maji
nikasita kidogo juu ya beseni:
kumbe huku anayezama ndiye mzima.

Nikazifukia katika maboksi ya maziwa,
marefu, nimeyatoboa chini kwa msumari.
Wiki zikapita. Juu, udongo mtupu.
Nabintu akachoka, akarudi kwenye katuni zake.
Alfajiri moja nimetoka zamu, kiwanda cha oti
(Cedar Rapids yote hunukia uji asubuhi,
uji usio na karibu),
nikainua boksi nikachungulia chini:
mzizi mweupe umeshapenya tunduni
unaulizia ardhi,
na jani bado halijazaliwa.

Dhoruba ya Agosti, mwaka ule wa barakoa,
iliuvua mji huu miti yake kwa muda usiotimia saa.
Mwaloni wa Bi Arlene ulibaki,
umepoteza mkono mmoja, wa upande wa barabara.
Wenye misumeno walipita na bei zao.
"Huu umesimama miaka mia mbili," akawaambia.
"Nyinyi mmesimama hapa dakika tano."

Hayo nilisimuliwa. Nililoliona mwenyewe ni hili:
mwezi wa tano nimeshika msumeno wa mkono,
tawi lake moja linaburura shuka zangu kambani.
Sauti ikaruka ua kabla ya mwenyewe:
"Weka chini! Kidonda cha masika
vidudu hukinusa kutoka mbali,
huja na ukungu miguuni,
na mti mzima hunyauka kabla ya mavuno.
Usubiri ulale."
Nikasubiri. Januari, baridi ya kugandisha kope,
nikapanda ngazi nikakata, yeye chini ameishika,
vidole vyangu si vyangu tena.

Ile miche minne: miwili walikula sungura,
wa tatu kindi aliufukua akauacha juani, hata hakuula.
Uliobaki niliuzungushia wavu wa kuku.
Ndoo moja kila Jumamosi, polepole,
vipande vya mbao kuuzunguka, mbali na shina,
"kama sahani," alisema Bi Arlene, "si kama kichuguu."

Mwenye nyumba, Bwana Dale, alikuja kwa habari ya bomba,
akauliza kile kijiti ni cha nini.
Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha kiwandani.
Moyoni nilijibu kwa lugha
iliyoyaweka maneno haya mlango kwa mlango:
nyumba nimepanga, mti nimepanda.
Herufi moja tu.
Mkataba wa mwaka, mzizi wa karne tatu.
Akacheka. "Utakuwa umeshahama."

Nimeshahama, Bwana Dale. Nimehama kwa miguu,
kwa lori, kwa ndege, kwa basi la usiku
na mtoto amelala juu ya mfuko wa karatasi za serikali.
Kuhama nakujua.
Nisichowahi ni kugeuka nyuma
nikaona kitu changu kimesimama.

Mwaka huu Bi Arlene hafiki tena uani.
Mpira wa hewa puani una urefu wake,
unamkomesha dirishani.
Juzi alinipungia, akaelekeza mche,
akafunua viganja: mangapi?
Mwaka jana majani yalikuwa sita.
Nikainua vidole vyote kumi. Havikutosha.
Nikamwita Nabintu,
akaja na mdomo umejaa mkate,
akaongeza vyake tisa.